Ukivuka Mpaka, Simu Yako Itaita?



Katika somo hili tutajifunza kutumia simu ya mkononi tukiwa nje ya nchi. Usiseme, "Mimi mkulima tu, nje ya nchi nakwenda kufanya nini?" Watu wa Missenyi wanavuka Mutukula kwenda Uganda. Watu wa Ngara wanavuka daraja la Rusumo kwenda Rwanda. Watu wa Tarime wanapita Sirari kwenda Kenya. Wengine wana watoto wao Oman, na wengine wanakwenda kuhiji Makka. Wote hao wana simu mfukoni.

Kwanza tusome maneno manne. LAINI ni kile kikadi kidogo kinachowekwa ndani ya simu. Namba yako inafuata laini, haifuati simu. MNARA ni ule mlingoti unaopokea na kutuma sauti zetu. SALIO ni pesa ya kupigia simu iliyobaki kwenye laini. Neno la nne ni geni kidogo: ROMINGI. Maana yake ni kutumia laini ya nchi yako kwenye minara ya nchi nyingine. Litamke mara mbili. Utalikuta dukani.

Sasa sikiliza yaliyompata mjomba wangu.

Mwaka 2022 mjomba alisafiri kutoka Muleba kwenda Kampala. Alikwenda kununua vipuri vya mashine ya kusaga. Nyumbani alimwacha mkewe ana mimba ya miezi minane.

Pale mpakani, upande wa pili, kijana mmoja alimjia. Alikuwa amebeba laini mkononi kama mtu anayeuza karanga. "Karibu mzee," alisema. "Laini hii imeshasajiliwa. Weka tu, upige." Mjomba akafurahi. Hakuulizwa kitambulisho wala hakupanga foleni. Akaitoa laini yake ya Tanzania, akaifunga kwenye karatasi na kuitia katika mfuko wa koti. Akaweka ile mpya. Akapiga nyumbani kusema amevuka salama.

Siku ya tatu laini ile ikanyamaza. Ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine, nayo ikafungwa. Mjomba hakujua. Simu haikuita, naye akadhani nyumbani kuna amani.

Usiku huohuo mkewe akashikwa na uchungu kabla ya wakati. Pesa ya hospitali ilikuwa kwenye simu ya mjomba. Akapiga laini ya Tanzania: haipatikani. Akapiga ile ya Uganda: haipatikani. Majirani wakachanga. Mwenye pikipiki akakubali kulipwa baadaye. Mtoto akazaliwa hospitali, wa kiume, mzima.

Mjomba alizipata habari siku ya tano akiwa njiani kurudi. Basi liliposimama Kyaka, akapanda mtu wa kijijini kwetu. "Hongera mzee," akamwambia, "umepata kijana." Mjomba anasema siku ile aibu ilikuwa kubwa kuliko furaha.

Mjomba si mjinga. Anajua kusoma, na hesabu za mashine anaziandika mwenyewe. Ila alidhani simu ni simu tu popote uendako. Sivyo.

LAINI INAPOPIGA HODI

Zamani mgeni akiingia kijijini alipelekwa kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi alimwuliza: Umetoka wapi? Nani anakufahamu huko? Laini nayo inaulizwa hivyohivyo.

Ndani ya laini kuna namba ndefu ambayo wewe huioni. Si ile namba unayowapa watu. Tarakimu zake tatu za mwanzo zinaonyesha nchi. Laini za Tanzania zinaanza na 640. Za Uganda zinaanza na 641, za Kenya 639. Ukifika Uganda na laini ya Tanzania, mnara wa kule unaona 640. Unajua huyu ni mgeni. Ndipo kampuni ya kule inaiuliza kampuni yako: "Huyu ni wenu? Mtamlipia?" Kampuni yako ikikubali, mgeni anapewa kiti. Ikikataa, au kama kampuni hizo mbili hazina mkataba, mgeni analala nje. Simu itaandika kwamba hakuna mtandao, hata kama mnara unauona kwa macho.

Kwa hiyo ruhusa haitolewi mpakani. Inatolewa na kampuni yako ya nyumbani. Laini nyingine zimekwisha kufunguliwa romingi, nyingine hadi uombe. Ni rahisi kuomba ukiwa bado nyumbani, maana ukishavuka na laini imefungwa, utapigaje simu kuomba ifunguliwe?

Na kwa nini romingi inakula pesa hata unapopokea simu? Hapa wengi wanaona wameibiwa. Mtu akikupigia kutoka Muleba, simu yake haiendi Kampala moja kwa moja. Inakwenda kwanza kwa kampuni yako hapa Tanzania. Kampuni ndiyo inayoisukuma mpaka Uganda. Mpigaji hajui kama umesafiri, naye analipa bei ya nyumbani. Kipande cha safari kilichobaki unalipa wewe uliyepokea.

Zipo nchi zilizopunguza mzigo huu. Mwaka 2014 Kenya, Rwanda na Uganda zilianza mpango wa pamoja. Msafiri wa nchi hizo alipokee simu bila kulipa, na bei ya kupiga isivuke kiwango kilichowekwa. Tanzania haikuanza pamoja nazo. Basi ukimsikia Mkenya akisema, "Mimi napokea bure Kampala," usidhani na wewe ni hivyohivyo. Uliza bei ya laini yako.

HUJAVUKA, LAKINI SIMU IMEVUKA

Mnara hauoni mpaka. Minara ya aina ya zamani inaweza kufika hata kilomita 35, kama hakuna mlima wa kuzuia. Mtu anaweza kuwa shambani kwake Missenyi, akipalilia migomba, na simu yake ikashika mnara wa Uganda. Hapo tayari yuko kwenye romingi. Akipiga simu kwa jirani yake wa ng'ambo ya bonde, salio linakatwa kama la msafiri.

Utajuaje? Angalia jina la mtandao kwenye kioo cha simu. Si la kampuni yako? Basi umevuka. Simu nyingi pia zinaonyesha herufi R karibu na alama za mtandao. Ndugu zetu wa Ngara na wa mpaka wa Burundi wana dalili nyingine. Saa ya Rwanda na Burundi iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Simu inayojirekebisha saa yenyewe ikishika mnara wa huko, inarudi nyuma. Ni saa mbili asubuhi, simu inakuambia saa moja. Mtoto akichelewa shule, usimchape kabla hujaitazama simu! Uganda na Kenya saa zao ni sawa na zetu, kwa hiyo huko dalili hii haipo.

Dawa yake ni hii. Ingia kwenye mipangilio ya simu, pale pa kuchagua mtandao. Iambie simu isijichagulie yenyewe. Chagua mtandao wako kwa mkono. Siku ukisafiri kweli, irudishe kama ilivyokuwa, la sivyo haitashika mnara wowote huko.

MAMA ANAKWENDA KAMPALA

Tusome mazungumzo haya. Mama mmoja ameingia katika duka la kampuni ya simu mjini Bukoba. Mhudumu ni kijana.

Mhudumu: Shikamoo mama. Karibu.

Mama: Marahaba mwanangu. Nakwenda Kampala kwa binti yangu, amejifungua. Nitakaa siku kumi. Nataka simu yangu iite huko.

Mhudumu: Sawa mama. Laini yako tutaifungua romingi sasa hivi.

Mama: Subiri kwanza. Niambie bei. Kupiga dakika moja ni shilingi ngapi?

Mhudumu: Hii hapa, mama, imeandikwa kwenye karatasi.

Mama: Na kupokea?

Mhudumu: Nayo ipo, mstari wa pili.

Mama: Na ujumbe wa maandishi?

Mhudumu: Kupokea ujumbe hukatwi. Kutuma unakatwa.

Mama: Bando langu la wiki litafanya kazi kule?

Mhudumu: Hapana mama. Bando la nyumbani linaishia nyumbani. Huko utatumia salio la kawaida, au ununue bando la romingi.

Mama: Basi ningekuja na bando tu, nikajiona tajiri! Na pesa yangu ya kwenye simu? Nikitaka kumtumia mzee wangu nyumbani?

Mhudumu: Jaribu kufungua menyu ya pesa ukifika. Ikikataa, usihangaike na watu wa barabarani. Ni bora pesa ya matumizi umwachie mzee kabla hujaondoka.

Mama: Niandikie bei hizo, mwanangu. Nitazisoma ndani ya basi.

Huyo mama ameuliza vizuri kuliko wasafiri wengi wenye tai shingoni. Na tazama neno la mwisho la yule kijana. Mjomba angemwachia mkewe pesa ya hospitali, usiku ule majirani wasingechanga.

Ukishavuka, mara nyingi simu hulia na kuleta ujumbe. Ujumbe huo unakukaribisha na kutaja bei. Usiufute. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunajua thamani ya maandishi. Sasa hapa ndipo yanapokuokolea pesa. Ujumbe ukiwa wa Kiingereza, mpe mtu unayemfahamu akusomee. Tarakimu utaziona mwenyewe.

KUNUNUA LAINI YA HUKO

Kama utakaa siku nyingi, laini ya nchi unayokwenda ni nafuu kwa kupigia. Lakini nunua dukani, kwa jina lako, na risiti. Hapa kwetu usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019. Uganda nao wanasajili. Mgeni huulizwa pasipoti. Kama una hati nyingine ya kusafiria, uliza kwanza kama inakubalika. Kitambulisho chako cha taifa usikitegemee peke yake.

Laini ya kijana wa mpakani ina hatari mbili. Ya kwanza umeiona: inafungwa bila taarifa. Ya pili ni mbaya zaidi. Hujui laini hiyo ilifanya nini jana. Kama ilitumika kumtapeli mtu, leo inapatikana mfukoni mwako.

Ukitaka kuongeza salio Uganda, usitafute vocha ya kukwangua. Zilipigwa marufuku mwaka 2018. Unamtajia wakala namba yako, unampa pesa, naye anakutumia salio. Subiri ujumbe uingie kabla ya kuondoka pale kibandani.

Simu nyingi, hata kitochi, zina nafasi mbili za laini. Basi mgeni mwenye laini ya huko asiitupe laini ya nyumbani mfukoni mwa koti. Aziweke zote mbili. Ya huko ni ya kupigia. Ya nyumbani inakaa pale ili ujumbe na simu ya dharura vimfikie. Kama simu yako imefungwa na kampuni iliyokuuzia, haitakubali laini nyingine. Jaribu laini ya kampuni nyingine kabla hujasafiri, ujue mapema.

KUANDIKA NAMBA

Jambo hili ni dogo, lakini limewapoteza wengi. Hapa Tanzania namba ya simu ina tarakimu kumi, nayo huanza na sifuri. Sifuri hiyo ni ya nyumbani. Ukiwa nje inaondoka, na mahali pake inakaa alama ya kujumlisha na namba ya nchi. Namba ya Tanzania ni 255.

Tuchukue namba ya kujifunzia: 0700 000 000.
Ukiwa nje utaandika: +255 700 000 000.

Hesabu tarakimu baada ya alama ya kujumlisha. Lazima ziwe 12. Kwenye simu nyingi, alama hiyo hutokea ukibonyeza sifuri na kuishikilia. Kwenye baadhi ya vitochi unabonyeza kinyota mara mbili upesi.

Kenya ni 254, Uganda 256, Rwanda 250, Burundi 257, Malawi 265, Oman 968, Saudi Arabia 966. Ukiziandika namba za watu wako kwa alama ya kujumlisha tangu leo, zitaita ukiwa hapa na zitaita ukiwa kule. Huna haja ya kuzibadili siku ya safari.

HESABU

Bei hizi ni za kujifunzia tu. Bei ya kweli utapewa dukani.

Yule mama atakaa siku 10. Kila siku atapiga dakika 2 na kupokea dakika 3. Tuseme kwa romingi kupiga ni shilingi 1,000 kwa dakika, na kupokea ni shilingi 300. Kwa siku moja: 2,000 na 900, jumla 2,900. Kwa siku 10 ni shilingi 29,000.

Sasa tuseme ananunua laini ya Uganda kwa shilingi 3,000, na kupiga ni shilingi 300 kwa dakika. Kwa siku 10 atatumia 6,000 kwa kupiga. Ukijumlisha na laini ni 9,000. Kupokea halipi kitu.

Mama amefurahi. Lakini mzee nyumbani sasa anapiga namba ya Uganda. Tuseme analipa shilingi 500 kwa dakika. Dakika 3 kwa siku 10 ni shilingi 15,000. Gharama haikufa, imehamia kwa mzee. Wakijumlisha zote, nyumba yao imetumia shilingi 24,000. Bado ni nafuu kuliko 29,000, ila si nafuu kama mama alivyodhani. Hesabu ya simu ifanyeni pamoja, wewe na unayemwacha.

WENYE SIMU ZA KUPANGUSA

Simu hizi zina tabia ya kutumia intaneti zenyewe, hata zikiwa zimelala mezani. Zinapokea picha, zinajiongezea programu mpya. Ukiwa kwenye romingi, kazi hiyo yote unalipia. Kabla ya kuvuka, ingia kwenye mipangilio uzime intaneti ya romingi. Kupiga na kupokea kutaendelea kama kawaida.

WhatsApp inaendelea na namba yako ya zamani, hata ukiweka laini mpya. Ikikuuliza kama unataka kubadili namba, kataa. Ndugu zako watakupata palepale walipokuzoea, mradi una intaneti ya laini ya huko au ya nyumba uliyofikia. Mtu akikupigia na kukuomba tarakimu sita zilizoingia kwa ujumbe, usimpe. Huyo anataka kuichukua WhatsApp yako. Namba ya siri ya pesa nayo haombwi na mtu wa kampuni, wala hapa wala huko.

LAINI IKIPOTEA

Laini ya Tanzania ikipotea Kampala, hakuna wa kukupa nyingine kule. Inatolewa hapa nyumbani, kwa alama za vidole vyako. Hata mkeo au mumeo hawezi kukuchukulia. Unaloweza kufanya ni kumpigia mtu wa nyumbani upesi, aiambie kampuni iifunge laini hiyo kabla mwizi hajaifikia pesa. Kwa hiyo usihifadhi namba zote ndani ya simu peke yake. Andika namba tatu kwenye karatasi: ya nyumbani, ya jirani, na ya huduma kwa wateja ya kampuni yako. Karatasi hiyo ikae mbali na simu.

Mjomba alikwenda tena Kampala mwaka 2023. Safari hii laini zote mbili zilikuwa ndani ya simu, na ile ya Uganda aliinunua dukani kwa pasipoti yake. Pesa ya nyumbani aliiacha kwa mkewe. Kila jioni saa moja simu iliita Muleba. Mkewe anasema wakati mwingine hawakuwa na la kuongea. Walimsikilizisha mtoto akilia, wakakata.

MASWALI

1. Kwa nini laini ya mjomba ilifungwa siku ya tatu?

2. Mtu yuko Kampala kwa romingi. Simu imeita kutoka Tanzania. Nani analipa, na kwa nini?

3. Mkulima wa Ngara ameona simu yake iko nyuma kwa saa moja. Simu imefanya nini? Na yeye afanye nini?

4. Tumia bei za somo letu. Mama anakaa siku 4 tu. Kipi ni nafuu kwa nyumba yao, romingi au laini ya Uganda? Usisahau shilingi za mzee.

5. Chukua karatasi. Andika namba za watu watatu wa nyumbani kwako kwa kuanza na alama ya kujumlisha. Mpe jirani yako ahesabu tarakimu.